Viatu Vilivyoshonwa Midomo

Kila nilipotoka shule, saa tisa na nusu alasiri, nilifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Kwanza nilichukua ufunguo chini ya ndoo iliyopasuka. Pili nilivua viatu mlangoni, kwa sababu Mama alikuwa amedeki kabla ya kwenda kazini na hakutaka kuona hata chembe ya vumbi. Tatu niligonga ukuta wa chumba chetu mara mbili, kumjulisha Mjomba Soli kwamba nimerudi. Naye alijibu kwa nyundo yake, ko, ko, kisha akaendelea na kazi.

Mjomba Soli hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa fundi viatu aliyepanga chumba cha jirani, na jina la Soli alipewa na wateja. Chumba chake na chetu viligawanywa na ukuta mmoja, ambao mjenzi aliuacha kabla haujafika kwenye bati, pengine aliishiwa matofali au aliishiwa hamu. Juu palibaki uwazi wa kama shubiri mbili. Kwa uwazi huo tulisikia nyundo yake, naye alisikia ugomvi wetu wote, na harufu ya gundi yake ilivuka mpaka kwenye sufuria zetu. Mama alikuwa akilalamika kwamba kila anachopika kina ladha ya kiatu.

Zamani Mjomba Soli aliwahi kuugua maradhi ya akili. Alikuwa akisikia sauti za watu ambao hawapo, zikimsema na kumwamrisha. Alilazwa, akatibiwa, akarudi, na sasa alikuwa ametimiza miezi kumi na minne akimeza dawa zake na kushona viatu kama fundi mwingine yeyote. Kliniki walimfundisha jambo moja la kumsaidia. Akisikia sauti na hana uhakika nayo, amuulize mtu anayemwamini. Mtu huyo akisema amesikia, basi ni sauti ya duniani na hakuna shida. Akisema hajasikia, basi ni ile ya ugonjwa. Aipuuze, na ikizidi aende kliniki. Katika watu wote wa mtaa wetu, alinichagua mimi.

"Huyu Kengele hawezi kuficha kitu hata umfunge kitambaa mdomoni," alimwambia Mama. "Ndiye anayenifaa."

Kengele lilikuwa jina langu la nyumbani, na sikulipata kwa upole. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mtu mkubwa kwa kazi ile. Mara moja kwa wiki hivi, nyundo ilinyamaza, kisha sauti yake ikavuka juu ya ukuta.

"Kengele! Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba! Ni paka juu ya bati!"

"Haya, asante!"

Na nyundo ikaanza tena. Sikuwahi kumdanganya hata siku moja.

Dada yangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea shahada ya uuguzi wa afya ya akili. Watu walipomuuliza anasomea nini na akawajibu, walirudi nyuma hatua moja, kana kwamba masomo yenyewe yanaambukiza. Yeye alicheka tu. Vitabu vyake vilijaa chini ya kitanda, na jioni alifanya mazoezi ya mazungumzo na sisi. Mama alijifanya mgonjwa, Dada akajifanya muuguzi.

"Naona leo umekaa kimya. Ungependa kuniambia unajisikiaje?" Dada aliuliza kwa sauti ya darasani.

"Najisikia nina mabinti wawili na vyombo havijaoshwa," alijibu Mama.

Tulicheka mpaka Mjomba Soli akagonga ukuta kutaka kujua kuna nini.

Jumatatu moja Dada alirudi na kinasa sauti cha chuo, kidogo kama kiberiti, chenye waya wa spika za masikioni. Kilikuwa kimerekodiwa sauti maalumu. Wanafunzi walitakiwa kuvaa spika hizo huku wakifanya shughuli za kawaida, kwenda dukani, kukunja nguo, kupiga hesabu, kisha waandike walivyojisikia.

"Huwezi kumuuguza mtu kama hujui anapambana na nini," Dada alisema, akavaa spika zake na kwenda dukani kununua chumvi, sabuni na kiberiti.

Alirudi baada ya nusu saa na sabuni mbili tu. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliketi kitandani, akachomoa waya masikioni, akakaa akitazama sakafu.

"Kuna nini humo?" nilimuuliza.

"Kinachotisha si sauti," alisema polepole. "Ni kimya. Inasema, halafu inanyamaza. Unasubiri dakika moja, tano, kumi. Unasema imeisha. Unapoanza tu kusahau, inakuja tena karibu kabisa." Alikitia kinasa sauti kwenye mkoba wake. "Kengele, hiki si cha kuchezea. Ni cha chuo, na kuna wagonjwa wanaotusikia humu mtaani. Usikiguse. Umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa, na kweli nilimwelewa. Tatizo halikuwa kuelewa.

Kesho yake, Jumanne, Dada alikwenda chuoni na mkoba mwingine. Nilirudi shule, nikachukua ufunguo, nikavua viatu, nikagonga ukuta. Ko, ko, alijibu Mjomba Soli. Kisha nikafungua mkoba wa Dada.

Niliweka spika masikioni na kubonyeza. Mwanzoni sikusikia chochote ila mvumo, kama wa jokofu la dukani. Nikaanza kukunja nguo, kama wanafunzi walivyotakiwa. Shati la kwanza, la pili. Nilikuwa kwenye gauni la Mama mwanamke aliponong'ona nyuma ya sikio langu la kushoto.

"Wanakutazama."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, pazia halikutikisika. Mwanamke mwingine akacheka kidogo, kwa mbali, halafu mwanamume mzee akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nauli, "Nani alimwambia aguse hizo nguo?"

Nilijua ni sauti za kurekodiwa, nilijua kama ninavyolijua jina langu, na bado niliweka gauni la Mama chini. Sikutaka zile sauti ziwe ndani ya kichwa changu. Nikachomoa waya kwenye kinasa sauti, nacho kikaanza kuzitoa nje, ndogo ndogo, kwenye kiganja changu. Hivyo ilikuwa afadhali.

Hapo ndipo geti lilipolia. Dada! Siku hiyo alirudi mapema.

Sikuwa na muda wa kutafuta kitufe cha kuzimia. Nilipanda juu ya kitanda na kukisukuma kinasa sauti juu ya ukuta, pale kwenye uwazi, mahali nilipozoea kuficha mitihani niliyofeli. Vumbi la pale juu liliteleza. Kidole changu kiligusa hewa. Upande wa pili nikasikia kitu kikitua, puf, bila kishindo, kama kimeangukia mto.

Dada aliingia, akatupa daftari mezani, akaniuliza mbona nimesimama juu ya kitanda. Nikamwambia naua mbu.

Dakika chache baadaye nyundo ya jirani ilinyamaza. Ilikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida.

"Kengele," Mjomba Soli aliita. "Umesikia?"

Dada aliinua uso kunitazama. Ningesema nimesikia, angeuliza nimesikia nini. Angekwenda kwenye mkoba wake.

"Hapana, Mjomba," nilisema. "Sijasikia."

"Hujasikia?"

"Sijasikia kitu."

"Haya," alisema. "Asante, mwanangu."

Nilijiambia betri itaisha. Nilijiambia kesho nitakifuata, Dada asijue, Mjomba asijue, na mambo yataishia hapo. Usiku huo sikupata usingizi mzuri.

Jumatano nilitoka shule mbio. Nilichukua soli ya kiatu changu ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikaibandua kwa mkono, nikaenda kwa Mjomba Soli kujitia mteja. Chumba chake nilikijua vizuri. Mlangoni palikuwa na kigoda chake na sanduku la misumari, dirishani kopo la gundi, na ukutani, upande wa kwetu, rafu ndefu ya viatu ambavyo wenyewe hawakuvifuata. Vingine vilikuwa na miaka mitatu pale. Kulikuwa na viatu vya harusi, vya mpira, vya mtoto mchanga, na juu kabisa, chini ya ule uwazi, jozi ya mabuti marefu ya mvua.

Siku zote viatu vile vilitazama mlangoni, vikisubiri wenyewe. Siku hiyo Mjomba Soli alikuwa amevigeuza vyote vikatazama ukuta.

"Kwa nini umevigeuza, Mjomba?"

Alikuwa ameshika sindano yake kubwa isiyo na uzi. "Vinaongea," alisema. "Nimeona nivigeuze vinipe mgongo."

Nilitupa macho sakafuni, chini ya rafu, nyuma ya sanduku. Kinasa sauti hakikuwepo. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na nilianza kuamini betri imekufa.

"Wanakutazama," alinong'ona mwanamke.

Ilitoka juu, ndani ya buti la kushoto. Sauti ilikuwa nzito na yenye mwangwi, kama ya mtu aliyeko shimoni. Mjomba Soli aliinua kichwa, akanitazama usoni. Sijawahi kutazamwa vile. Alikuwa kama mtu aliyeshika kamba na anasubiri mwenzake avute.

"Umesikia?"

Mdomo wangu ulifunguka. Ningeweza kusema pale pale. Lakini nilimwona Dada na mkoba wake mtupu, nilimwona Mama akivua kanga kiunoni kama afanyavyo anapokasirika, na ndani ya buti yule mzee akasema taratibu, "Usimwambie mtu."

Nilijua haniambii mimi. Hata hivyo nilimtii.

"Hapana, Mjomba. Mimi sijasikia."

Aliinamisha kichwa. "Hapana," alirudia. "Wewe hujasikia. Basi zimerudi."

Aliniuliza tena saa kumi na moja, kupitia juu ya ukuta, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. Nilimjibu vilevile. Baada ya hapo hakuniuliza tena.

Jioni Dada aliupekua mkoba wake, akaupindua, akatoa vitabu vyote chini ya kitanda. Kinasa sauti kilitakiwa chuoni Ijumaa. "Kengele, hujakiona?" Sijakiona, nilisema. Uongo huu ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza, na hilo lenyewe liliniogopesha. Kabla hajaniuliza zaidi, Mjomba Soli alisimama mlangoni petu. Hakuingia.

"Binti," alimwambia Dada, "zimerudi. Safari hii zinatoka kwenye viatu."

Dada aliacha kila kitu akaenda kuketi naye. Niliwasikia juu ya ukuta. Hakumwambia kwamba hakuna kitu, wala kwamba anaota. Alimwambia, "Mimi kwa sasa sisikii, Mjomba, lakini naona unaogopa, na nitakaa na wewe." Alikaa naye kama dakika nane. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikihesabu, nikiomba kile kitu kiseme ili asikie mwenyewe, na nikiomba kisiseme. Hakikusema. Kilikuwa kwenye ule mwendo wake mrefu wa kimya.

Dada aliporudi uso wake ulikuwa umesawijika. "Viatu vinaongea," alimwambia Mama kwa sauti ya chini. "Hajawahi kusema jambo kama hilo. Inabidi kesho nipige simu kliniki." Kisha akanigeukia. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Kwamba sijasikia."

Dada alinishika bega. "Umefanya vizuri kumwambia ukweli," alisema. "Si rahisi, lakini ndiyo kazi aliyokupa."

Afadhali angenipiga.

Alhamisi nilirudi shule nikiburuta miguu. Niligonga ukuta mara mbili. Hakuna aliyejibu. Niligonga tena. Nikatoka nje, nikachungulia mlango wa Mjomba Soli uliokuwa wazi nusu.

Alikuwa ameshona viatu vyote midomo. Jozi zote za kwenye rafu, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimefungwa pale mguu unapoingilia, kwa uzi mweusi wa nta, mishono myembamba iliyopangwa vizuri kama ya kazi ya mteja. Viatu vya harusi vilishonwa. Vya mtoto mchanga vilishonwa. Hata yale mabuti marefu ya mvua yalibanwa juu na kushonwa kutoka pembe hadi pembe. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kigodani, mikono magotini, amevaa shati la kutokea.

Pembeni yake alisimama kaka yake, dereva wa lori, ameshika begi dogo la nguo. Mama alikuwa ameruhusiwa kutoka kazini mapema, na Dada alikuwa anamalizia kuongea kwenye simu.

"Kliniki wamesema aende leo," Dada alieleza. "Wataongeza dawa na kumlaza wamwangalie."

"Ile dawa nyingi inanitetemesha mikono," Mjomba Soli alisema bila kuinua uso. "Mara ile sikushika sindano miezi mitano."

"Tutakutafutia kazi nyingine," kaka yake alisema kwa upole.

"Sina kazi nyingine." Kisha akaniona mlangoni, akajaribu kutabasamu. "Usiogope, Kengele. Mimi nilidhani ni za kweli, unajua? Safari hii zilikuwa za kweli kabisa, hata mwelekeo wake niliujua. Lakini wewe hujasikia. Kama si wewe ningeendelea kubishana na kila mtu. Asante sana."

Kaka yake alimshika mkono, naye akasimama kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Walikuwa wamefika kizingitini.

"Nilisikia," nilisema.

Sauti yangu ilitoka ndogo. Ilibidi niseme tena. "Nilisikia! Mara zote tatu nilijua ni nini. Ni kinasa sauti cha Dada. Nilikichukua, kikaangukia huku, kimo ndani ya buti. Kinaongea kweli. Mjomba hajaugua. Mimi ndiye niliyedanganya."

Hakuna aliyesogea. Kaka yake alinitazama kwa huruma. "Mtoto anampenda," alimwambia Mama. "Anajaribu kumsaidia asiende."

Kumbe ukweli nao unaweza kukataliwa ukichelewa! Machozi yalinitoka. "Subirini," nilisema. "Naomba msubiri tu. Kina kimya kirefu katikati."

Dada alinikazia macho. Niliona akikumbuka mkoba, akikumbuka mbu niliyekuwa naua juu ya kitanda. Alifunga mlango nyuma yetu, akaweka kidole mdomoni.

Tukasimama watu watano katika chumba kile, tukivitazama viatu vilivyoshonwa midomo. Nje mtu alipita akiburuta kandambili. Bati lililia kwa joto, tak, na Mama akashtuka. Dakika zilipita. Kaka yake alibadilisha begi mkono. Dakika nyingine. Nilianza kuona giza. Labda betri ilikuwa imekwisha mchana, labda Mungu alikuwa ananiadhibu kwa njia hiyo. Kaka yake akafungua mdomo aseme twende.

"Amekuja," alinong'ona mwanamke ndani ya buti.

Mama alipiga ukelele. Begi lilianguka. Ile sauti, ikiwa imebanwa na mpira na uzi, ikacheka kidogo na kuendelea, "Wanakutazama. Wote wanakutazama."

Mjomba Soli hakulitazama buti. Alitutazama sisi.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, Mjomba."

Akamgeukia Dada. "Umesikia?"

"Nimesikia," Dada alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, ndugu yangu," alisema Mama.

Kaka yake hakungoja kuulizwa. "Nimesikia. Nisamehe, mdogo wangu. Nimesikia."

Mjomba Soli alichukua kisu chake cha ngozi, akalishusha buti la kushoto, akakata mshono mmoja mmoja bila haraka. Mikono yake haikutetemeka. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakitoa kinasa sauti, akampa Dada. Dada alikizima. Kilikuwa kimya cha aina nyingine baada ya pale, kimya ambacho hakina mtu ndani yake.

Nilidhani Mjomba Soli atacheka. Hakucheka. Aliketi kigodani, akajifunika uso kwa viganja.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili nimejiona nimerudi kule. Kengele, mimi sauti nimezizoea. Nilikuwa sijazoea kukukosa wewe. Kuanzia leo nitamuuliza mama yako."

Kanga ya Mama nilikuwa nimeiogopa bure. Hayo maneno yaliniuma kuliko kiboko chochote.

Kliniki walipoelezwa waliacha dawa kama zilivyokuwa, wakamtaka Mjomba aende wiki iliyofuata kama kawaida. Dada alikirudisha kinasa sauti chuoni na kueleza yote, pamoja na kosa lake la kukiacha kwenye mkoba usiofungwa. Mwalimu wake alimpa onyo na kumrudishia zoezi lote alifanye upya. Jioni hiyo aliniketisha kitandani, na kwa mara ya kwanza hakutumia sauti ya darasani.

"Nimekukasirikia sana, na nitakwambia kwa nini," alisema. "Kuchukua kitu changu ni kosa, lakini kosa hilo lingekwisha Jumanne jioni, ningekugombeza tukalala. Wewe ulitaka kujiokoa usigombezwe, ukaacha mtu atibiwe ugonjwa ambao haujamrudia. Sisi kule chuoni tunasoma miaka minne kujua dawa na magonjwa, lakini kila kitu tunachofanya kinaanza na mtu kutuambia ukweli. Akitudanganya mmoja, elimu yote hiyo inamuumiza mgonjwa badala ya kumponya. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa lingali dogo. Ukingoja, anayelipa si wewe."

Mama ndiye aliyepanga adhabu. Mwezi mzima, kila nikitoka shule, nilikwenda kwa Mjomba Soli kufumua uzi. Jozi zilikuwa arobaini na moja. Mshono wa fundi mzuri haufumuki kirahisi, na vidole vyangu vilijaa malengelenge. Siku za mwanzo hakuniambia neno zaidi ya "kata hapa" na "usikwaruze ngozi". Wiki ya pili alinifundisha kupaka nta. Wiki ya tatu alinitania kwamba kengele imepata kutu. Kila kiatu nilichokifumua nilikirudisha kwenye rafu kikiwa kimetazama mlangoni.

Siku nilipomaliza vya mtoto mchanga, ambavyo niliviacha vya mwisho, nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kufanya hesabu zangu. Mama hakuwa amerudi. Jua lilikuwa limeinama na chumba kilikuwa kimetulia. Upande wa pili nyundo ilikuwa inagonga, ko, ko, ko.

Ikanyamaza.

Niliweka kalamu chini. Kile kimya nilikitambua. Kilikaa, kikarefuka. Kisha juu ya ukuta, kwa mashaka kidogo, likaja swali ambalo sikuwa nimelisikia mwezi mzima.

"Kengele. Umesikia?"

Nilisimama. Sikujibu haraka. Nilisikiliza bati, nilisikiliza bomba la maji uani, nilisikiliza barabara na mlango na rafu ya viatu upande wa pili. Nilisikiliza mpaka nikasikia moyo wangu mwenyewe.

"Hapana, Mjomba," nilisema. "Mimi sijasikia."

Nilisikia akikisogeza kigoda chake.

"Basi ni ile yangu," alisema. "Asante, mwanangu."

Na nyundo ikaendelea.